Hadithi Fupi za Kidijitali Darasani: Andiko na Sauti ya Mtoto Kwanza, Kifaa Baadaye

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Baada ya kukamilika kwa Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, Serikali ilielekeza vishikwambi vilivyotumiwa na makarani wa sensa vipelekwe katika sekta ya elimu, na walimu wa shule za umma wakaanza kukabidhiwa vifaa hivyo kwa ajili ya kufundishia na kujifunzia. Kifaa kilichopita nyumba kwa nyumba kikiuliza idadi ya watu kikahamia kwenye mkoba wa mwalimu. Kinafaa kusomea vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania kupitia Maktaba Mtandao, kuandalia maazimio ya kazi na kutunzia takwimu za mahudhurio. Linalosahaulika kwa urahisi ni kwamba kifaa hichohicho kina kamera na maikrofoni, na kwamba kwa vitu hivyo viwili, pamoja na daftari na penseli, darasa linaweza kutengeneza hadithi fupi za kidijitali bila kusubiri maabara ya kompyuta wala mtandao wenye kasi.

Makala haya yanaeleza hadithi hizo ni nini, zinatengenezwaje katika darasa lenye wanafunzi wengi na kifaa kimoja, na ni mambo gani ambayo mwalimu na mzazi wanapaswa kuyaangalia kabla hadithi ya mtoto haijatoka nje ya mlango wa darasa. Hilo la mwisho limepewa nafasi kubwa kwa makusudi.

Hadithi fupi ya kidijitali ni simulizi ya dakika mbili hivi, inayosimuliwa kwa sauti ya mwenye hadithi mwenyewe, huku picha chache zisizojongea zikipita mbele ya mtazamaji. Picha hizo zaweza kuwa michoro ya mkono au picha zilizopigwa kwa kamera. Si filamu, kwa kuwa haina waigizaji. Si video ya mwanafunzi aliyesimama mbele ya darasa akikariri shairi. Wala si mfululizo wa slaidi zilizojaa maandishi. Ipo njia nyepesi ya kuitambua: ukiondoa picha zote, hadithi bado itasimama kwa sauti peke yake, ukiondoa sauti, hakuna kinachobaki isipokuwa picha zisizo na maana.

Mbinu hii ilianzia California, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Msanii Dana Atchley alikuwa akisimulia maisha yake jukwaani, kando yake kukiwa na moto wa kambi uliokuwa ukiwaka ndani ya skrini ya video. Jambo hilo halitamshangaza msomaji aliyelelewa na bibi yake, maana hata huku kwetu hadithi na moto havikuachana. Atchley alishirikiana na Joe Lambert, mtu wa tamthiliya, na mwaka 1993 warsha ya kufundisha watu wa kawaida kutengeneza hadithi zao ikafanyika katika Taasisi ya Filamu ya Marekani jijini Los Angeles. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa kituo kilichoweka makao yake Berkeley, ambacho leo kinajulikana kwa jina la StoryCenter.

Mwaka 2001 Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC, kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Cardiff, lilianzisha mradi wa Capture Wales ulioongozwa na mpiga picha Daniel Meadows. Hadi mradi huo ulipofikia tamati mwaka 2008, watu wa kawaida wa Wales walikuwa wametengeneza mamia ya hadithi, kwa Kiingereza na pia kwa Kiwelisi, lugha ambayo wasemaji wake wamepigania kwa muda mrefu nafasi yake katika shule na vyombo vya habari. Meadows aliweka masharti makali: maneno kama 250, picha kumi na mbili hivi, dakika mbili basi. Alizifananisha hadithi hizo na soneti, yaani shairi la mistari 14 lisilompa mtunzi nafasi ya kutangatanga. Msomaji wa Kiswahili anaweza kufikiria utenzi wenye mizani nane katika kila kipande: ufinyu wa mizani ndio unaomlazimu mtunzi kulitafuta neno hadi alipate.

Kipimo hicho, hata hivyo, hakiwezi kuhamishwa kama kilivyo. Neno moja la Kiswahili hubeba mzigo ambao Kiingereza huugawa kwa maneno manne au matano. Chukua "nilipomsubiri" au "hawajatuambia". Kwa hiyo andiko la Kiswahili lenye maneno 250 likisomwa kwa utulivu huvuka dakika mbili. Kwa mwanafunzi wa Darasa la Tano au la Sita, maneno kati ya 150 na 180 yanatosha, na mwalimu asione aibu kushuka hadi 100.

Hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza, na inaanza bila umeme. Kila aliyepita katika shule zetu anaifahamu insha iitwayo "Siku Nisiyoisahau". Ilikuwa siku ya Jumamosi yenye jua kali na mawingu machache angani. Niliamka asubuhi na mapema, nikapiga mswaki, nikaoga, nikanywa chai. Mwanafunzi anapofika kwenye tukio lenyewe, nafasi imekwisha, naye anafunga kwa kusema kuwa alifurahi sana. Mwandishi wa makala haya aliwahi kupata alama 18 kati ya 20 kwa insha ya namna hiyo, iliyohusu safari ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ambayo hakuwahi kuifanya. Sarufi ilikuwa safi, tahajia ilikuwa safi, na hapakuwa na jambo hata moja la kweli ndani yake.

Hadithi ya kidijitali haivumilii insha ya aina hiyo, kwa sababu muda wake ni mfupi na kwa sababu sauti ya mtoto huumbua maneno asiyoyamaanisha. Tuchukue mfano wa kubuni. Mwanafunzi wa Darasa la Sita, msichana, ameandika kurasa mbili kuhusu ugonjwa wa mama yake: safari ya hospitali, majina ya ndugu waliokuja kumjulia hali, chakula kilichopikwa. Katikati ya ukurasa wa pili ipo sentensi moja inayosema kuwa baba aliuza baiskeli. Mwalimu anamuuliza, "Mwanangu, hiyo baiskeli ilikuwaje?" Mtoto anaanza kueleza. Baada ya vipindi viwili vya kuandika na kufuta, andiko lake limekuwa hivi:

"Baiskeli ya baba ilikuwa na kengele isiyolia. Tulimtambua kwa cheni. Ilikuwa inalalamika tangu kwenye kona ya mashine ya kusaga, na mdogo wangu alikuwa anakimbia kwenda kupanda kwenye keria. Mama alipolazwa, baba aliondoka na baiskeli asubuhi, jioni akarudi kwa miguu. Hakusema kitu. Na mimi sikumuuliza. Mama amepona, sasa anapika mwenyewe. Lakini ikifika jioni, mdogo wangu bado anasikiliza kona ya mashine."

Hayo ni maneno yasiyofika 60. Hayana jua kali wala mawingu, wala hayamwambii mtu ahuzunike. Mwalimu hakumwandikia, alimuuliza swali moja, akasubiri. Tofauti hii ina uzito, kwa kuwa kishawishi kikubwa cha mwalimu mwenye nia njema ni kulisahihisha andiko mpaka liwe lake. Kosa la tahajia lisahihishwe. Upatanisho wa kisarufi usahihishwe. Lakini cheni "inayolalamika" isigeuzwe kuwa cheni "inayotoa sauti isiyopendeza", na bibi aliyesema jambo kwa Kisukuma au Kihehe ndani ya hadithi aachwe aseme kwa lugha yake, kisha mtoto aeleze kwa Kiswahili.

Swali kama hilo huulizwa ndani ya mduara. Wanafunzi sita au saba huketi wakitazamana, kila mmoja akasimulia kwa mdomo, na wenzake wakaruhusiwa kusema mambo mawili tu: sehemu waliyoiona vizuri akilini, na sehemu ambayo hawakuielewa. Kucheka kunaruhusiwa pale msimulizi mwenyewe anapocheka. Walioanzisha mbinu hii Marekani waliuweka mduara kuwa kiini cha warsha zao, nasi hatuhitaji kufundishwa maana yake. Anayeitikia "pakawa" tayari anajua kwamba msikilizaji ana kazi yake katika hadithi.

Sasa tuje kwenye hesabu, ambazo ndizo huwakatisha walimu tamaa. Darasa lina wanafunzi 60 na kishikwambi kimoja. Ikiwa kila mwanafunzi atarekodi hadithi ya dakika mbili, na kwa kawaida mtoto hurudia mara mbili au tatu, basi kila mmoja atahitaji kama dakika sita. Hizo ni dakika 360, sawa na vipindi tisa vya dakika 40, kabla hata ya kuweka picha. Hakuna ratiba ya shule inayoweza kubeba mzigo huo.

Njia zipo mbili. Ya kwanza ni kuwaacha wote 60 waandike na kusimulia katika miduara, kisha kila kundi la watu sita litengeneze hadithi moja, wengine wakichora, mwingine akishika kifaa, mwingine akihesabu muda. Hapo kinapatikana kile kinachoweza kuoneshwa: hadithi kumi kwa muhula. Kasoro yake ni kwamba wasichana wapole na watoto wageni shuleni huishia kuchora hadithi za wengine kila mara, hivyo mwalimu ahakikishe kuwa zamu inahama. Njia ya pili ni kumpa kila mtoto sentensi tano na picha moja, nusu dakika tu. Hadithi 60 za nusu dakika ni nusu saa ya kutazama, na hakuna aliyeachwa. Kwa maoni ya mwandishi, darasa linaloanza lianze na hii ya pili, ingawa haipendezi sana siku ya wageni.

Kurekodi sauti ndiyo sehemu inayohitaji ujanja zaidi kuliko zote. Madarasa yetu mengi yameezekwa kwa bati, na mvua ikinyesha kazi imekwisha. Ratiba ya kurekodi ifuate majira ya eneo husika. Ukumbi mtupu wenye sakafu ya saruji hurudisha mwangwi. Stoo ya vitabu ni mahali pazuri kuliko ofisi ya mwalimu mkuu, kwa kuwa vitabu humeza mwangwi, na kanga mbili au blanketi likitundikwa nyuma ya msimulizi husaidia zaidi. Kifaa kiwekwe umbali wa shubiri moja hivi kutoka mdomoni, kwa upande kidogo, ili herufi "p" na "b" zisipige kwenye maikrofoni kama kofi. Milio ya arifa izimwe. Mtoto asimulie akimtazama rafiki yake, asikitazame kifaa, na karatasi awe nayo kwa ajili ya kujikumbusha tu. Jogoo akiwika katikati ya hadithi ya kijijini, mwalimu ajiulize kwanza kama kweli anahitaji kurudia.

Picha zina kanuni moja inayowashinda hata watu wazima: picha isirudie kilichosemwa. Msichana anaposema baba alirudi kwa miguu, si lazima tuone mchoro wa mtu anayetembea. Tunaweza kuona ukuta wenye alama nyeusi ya tairi pale baiskeli ilipokuwa ikiegemezwa. Anaposema hakumuuliza, picha inaweza kuwa sufuria jikoni au viatu mlangoni. Kwa hadithi fupi kama hii picha tano zinatosha. Michoro ipigwe picha karibu na dirisha au chini ya kivuli cha mti, bila taa ya kamera, karatasi ikiwa imelazwa na kifaa kimeshikwa kwa mlalo. Kabla ya hapo, mtoto hugawa ukurasa wa daftari katika safu mbili, upande mmoja maneno na upande wa pili picha itakayoonekana wakati wa maneno hayo. Ukurasa huo mmoja huokoa saa nzima ya kuhangaika na kifaa.

Kuunganisha sauti na picha ndiko kunakodhaniwa kuwa kugumu, kumbe ndiko kwepesi. Shule yenye kompyuta hata moja inaweza kutumia Audacity kusafisha sauti na OpenShot kupanga picha. Zote mbili ni programu huria zisizolipiwa na, zikishawekwa, hazihitaji intaneti. PowerPoint nayo inaweza kubeba picha na sauti na kuzitoa kama video. Zipo pia programu tumishi nyingi za kuhariri video ndani ya kishikwambi. Hadithi ya dakika mbili yenye ubora wa kati huwa na ukubwa wa kama megabaiti 20, hivyo hadithi kumi huenea kwenye flashi yoyote. Mbwembwe za picha kuzunguka, kupasuka na kudondoka ziachwe. Watoto watazipenda, nao waruhusiwe kuzijaribu siku moja, kisha zifutwe.

Jambo la muziki linahitaji tahadhari ya kisheria. Wimbo wa Bongo Fleva unaopendwa na darasa zima una mwenyewe, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda. Hali kadhalika picha zilizookotwa mtandaoni. Darasa lina mbadala ulio bora zaidi: watoto waimbe wenyewe kwa kuguna, wapige makofi, au warekodi mlio wa kinu, wa ndoo kisimani, wa cheni ya baiskeli. Kwa wanaotaka kuona hadithi za watoto zinazoweza kutumiwa kwa uhuru, upo mradi wa African Storybook ulioanzishwa na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini mwaka 2014, ambao una hadithi kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwamo, zenye leseni huria. Nyumbani kipo kipindi cha Ubongo Kids, kilichoanza kurushwa mwaka 2014. Hivyo vya Ubongo hutengenezwa na watu wazima kwa ajili ya watoto. Tunachokieleza hapa hutengenezwa na mtoto mwenyewe, na sheria hiyohiyo ya hakimiliki inamtambua kuwa ndiye mtunzi, hata kama kifaa ni cha shule.

Je, haya yote yana nafasi katika mtaala? Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, pamoja na mitaala iliyoboreshwa iliyoanza kutekelezwa Januari 2024, inaweka mkazo katika ujenzi wa umahiri, na mawasiliano, ubunifu na matumizi ya TEHAMA ni miongoni mwake. Somo la Kiswahili ndilo mlango wa kwanza. Lakini katika Jiografia na Mazingira mwanafunzi anaweza kusimulia korongo lililo nyuma ya shule, lilivyokuwa mfereji mdogo na sasa limekula kona ya uwanja wa mpira. Katika Historia ya Tanzania na Maadili anaweza kumhoji mzee aliyehamia kijiji kipya wakati wa Operesheni Vijiji katika miaka ya 1970, akarudi darasani na dakika mbili ambazo hazimo katika kitabu chochote. Katika upimaji, alama nyingi ziende kwenye andiko na usimulizi. Ukitoa alama nyingi kwa uzuri wa video, utakuwa unampima mtoto ambaye nyumbani kwao kuna simu janja dhidi ya yule asiye nayo, na matokeo utayajua kabla ya kuanza.

Sasa turudi kwa msichana na baiskeli, kwa sababu hadithi yake ni nzuri na ndiyo maana ina hatari. Darasa limeitazama. Mwalimu ameguswa, na kishikwambi kiko mkononi. Kundi sogozi la wazazi liko umbali wa kubonyeza mara mbili. Mwalimu hana nia mbaya hata kidogo. Anataka wazazi waone kazi ya watoto wao. Lakini hadithi hiyo ina watu wanne ndani yake, na watatu hawajaulizwa. Yupo mama aliyeugua. Yupo baba ambaye hakumwambia mtu yeyote kuwa aliuza baiskeli, na aliyeinunua huenda yumo katika kundi hilohilo.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inaziweka taarifa zinazohusu watoto katika fungu la taarifa binafsi nyeti. Sauti ya mtoto, sura yake, jina lake, shule yake na ugonjwa wa mzazi wake si mapambo ya video. Ni taarifa, na ridhaa ya kuzitumia inapaswa kupatikana kabla, si baada. Kwa upande mwingine, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayomtambua mtoto kuwa ni mtu mwenye umri wa chini ya miaka 18, inampa haki ya kutoa maoni na kusikilizwa katika mambo yanayomhusu. Ukizisoma sheria hizo mbili pamoja, unapata utaratibu ulio wazi: mzazi au mlezi aridhie, na mtoto naye aridhie. Ridhaa ya mmoja haitoshi kufuta kukataa kwa mwingine.

Ridhaa nayo isiwe sahihi moja ya mwanzo wa mwaka inayofunika kila kitu. Kuonesha hadithi ndani ya darasa ni jambo moja. Kuionesha siku ya mahafali mbele ya wazazi ni jambo la pili. Kuituma kwenye kundi sogozi au kuiweka kwenye mtandao wa kijamii ni jambo la tatu, kwa kuwa kitu kikishatumwa hakirudi. Mtoto aulizwe kwa kila hatua, na aulizwe akiwa peke yake na mwalimu. Ukimuuliza mbele ya wenzake hujamuuliza. StoryCenter yenyewe, kutokana na uzoefu wa kufanya kazi na watu waliopitia mambo magumu, imeandika haki za msimulizi, na miongoni mwake ni kujua hadithi yake itakwenda wapi. Hatua za tahadhari ziko ndani ya uwezo wa mwalimu yeyote: michoro badala ya sura, mikono na viatu badala ya nyuso, jina la kwanza tu au jina la kubuni, na kutotaja kijiji wala kuonesha nembo kwenye sare.

Lipo pia jambo zito zaidi ya aibu. Ukimwambia mtoto asimulie jambo la kweli lililomgusa, siku moja atakuja anayesimulia kipigo, au jirani, au mjomba. Mwalimu anayeanzisha kazi hii bila kulifikiria hilo hajajiandaa. Kwa sababu hiyo swali la kuanzia lichaguliwe kwa uangalifu: "Nisimulie kuhusu kitu kimoja cha nyumbani ambacho kina habari" ni salama kuliko "Nisimulie jambo lililokuumiza". Mtoto akishafunua jambo la ukatili, hiyo si hadithi tena na wala haipaswi kurekodiwa. Kifaa kizimwe, asihojiwe mbele ya wengine, naye asiahidiwe siri ambayo mwalimu hawezi kuitunza. Taarifa ifike kwa mwalimu wa ushauri na unasihi, kwa Afisa Ustawi wa Jamii au kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi. Namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto hupigwa bila malipo, na inafaa iandikwe ukutani kabla ya mduara wa kwanza kuketi.

Baada ya hayo, utunzaji. Hadithi zote za darasa zikae mahali pamoja, kwenye flashi au kadi ya kumbukumbu yenye jina la darasa na mwaka, ndani ya kabati linalofungwa, na nakala zilizobaki kwenye kishikwambi zifutwe mwisho wa muhula. Kifaa huazimwa, hupotea, hupelekwa kwa fundi. Mtoto anayehama shule apewe nakala yake, na anayeomba hadithi yake ifutwe, ifutwe bila kuulizwa sababu.

Kwa msichana wa mfano wetu, mwalimu angeweza kumwita baba shuleni jioni moja, wakaketi watatu, akaisikiliza kupitia spika za masikioni kabla ya mtu mwingine yeyote nje ya darasa. Akisema ioneshwe mahafali, itaoneshwa. Akisema ibaki hapo, mwalimu ataandika jina la faili kwenye orodha ya zile zisizotoka, na msichana atasimulia nyingine siku hiyo, labda ya mashine ya kusaga.